Barua ya Wazi kwa Bureau of Land Management Kuhusu Makao ya Pili ya Mustang Aliyefunzwa

Kwa Mkurugenzi na maofisa wa mpango wa farasi na punda wa porini, Bureau of Land Management, Marekani.



Barua hii inawasilisha ombi moja, kwamba Bureau of Land Management, ofisi ya serikali ya shirikisho inayosimamia ardhi za umma na ambayo kuanzia hapa itaitwa Ofisi, isimwache mkono mustang aliyefunzwa kupandwa mara tu hati ya umiliki inapotolewa, bali imsaidie mmiliki anayelazimika kuachana naye kumpatia makao mengine yanayofaa. Mustang ni farasi wa nyanda kame za magharibi mwa Marekani, mzao wa farasi walioletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, ambao baadaye walichanganyika na farasi wa jeshi na wa mashamba ya mifugo waliotoroka au kuachiwa. Makao ya pili ni yale anayohamia akiwa amekwisha kufunzwa na kumzoea mtu, pale mmiliki wake wa kwanza anapougua, anapozeeka, anapofilisika au anapohamia mahali pasipo na zizi.

Historia ya jukumu la Ofisi inafahamika, na inatosha kuitaja kwa ufupi. Mwaka 1959, kutokana na kampeni ya Velma Johnston wa Nevada, ambaye wapinzani walimbandika kwa kejeli jina la Wild Horse Annie naye akalibeba bila kinyongo, Bunge la Marekani lilipiga marufuku kuwawinda farasi wa porini kwa ndege na magari katika ardhi za umma na kuyatia sumu maji wanayokunywa. Tarehe 15 Desemba 1971 Rais Richard Nixon alitia saini sheria pana zaidi iliyowakabidhi farasi na punda wanaozurura katika ardhi hizo kwa ulinzi wa serikali, na kwa sehemu kubwa ulinzi huo umekuwa mikononi mwa Ofisi. Kutokana na sheria hiyo ulizaliwa utaratibu wa ulezi, ambapo mtu mwenye umri usiopungua miaka 18, asiyewahi kupatikana na hatia ya kuwatesa wanyama, na mwenye zizi la ukubwa wa futi za mraba 400 au zaidi (kama mita za mraba 37), humchukua farasi kwa ada ambayo kwa miaka mingi imeanzia dola 125. Mlezi huyo humtunza kwa miezi 12, na katika muda wote huo farasi anabaki kuwa mali ya serikali. Muda ukitimia, daktari wa mifugo au mtu mwingine mwenye sifa huthibitisha kwa saini kwamba mnyama ametunzwa vizuri, kisha hati hutolewa. Kuanzia siku hiyo farasi ni mali binafsi, na ulinzi wa sheria ya 1971 haumhusu tena.

Si vigumu kuelewa kwa nini Ofisi huona nafuu kila hati inapotoka. Mwezi Machi 2020 ilikadiriwa kuwa farasi na punda wapatao 95,000 walikuwa katika ardhi za umma, ilhali idadi ambayo Ofisi yenyewe wakati huo ilisema ardhi hizo zinaimudu ilikuwa kama 27,000. Wengine zaidi ya 60,000 wamekuwa wakitunzwa katika mazizi na malisho ya kukodi, na gharama ya utunzaji huo ilipita dola milioni 100 katika mwaka wa fedha 2023. Kwa mzigo wa namna hiyo, kila farasi anayeondoka huhesabiwa kuwa mafanikio, na ndiyo sababu mwaka 2019 Ofisi ilianza kuwalipa walezi motisha ya hadi dola 1,000 kwa kila mnyama. Mwaka 2021 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba baadhi ya waliolipwa walisubiri hati tu, wakachukua fedha, kisha wakawapeleka farasi hao katika minada inayotembelewa na wanunuzi wa machinjio. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho huko Colorado iliubatilisha mpango huo kwa kuwa haukupitia taratibu zinazotakiwa na sheria. Mahakama ilishughulikia utaratibu, na hilo ndilo lililokuwa mbele yake. Lakini hata kama utaratibu ungefuatwa neno kwa neno, fedha zile bado zingekuwa zinamngoja mlezi kwenye mlango wa kutokea, siku ileile ambayo Ofisi inampa farasi kisogo na bei ya nyama inaanza kuwa na maana.

Machinjio ya mwisho ya farasi ndani ya Marekani, yaliyokuwa Texas na Illinois, yalifungwa mwaka 2007. Kufungwa huko hakukuimaliza biashara, kwa sababu farasi husafirishwa wakiwa hai hadi Mexico na Canada, na mnunuzi wa machinjio humpima mnyama kwa uzito bila kujali kama anajua kusimama kwa neno moja. Wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao kwa ajili yao barua hii imeandikwa kwa lugha ambayo Ofisi haiitumii, wanalijua jambo hili kwa upande wa punda: ngozi yake ilipopata soko la kutengenezea dawa ya Kichina iitwayo ejiao, machinjio yenye leseni yalifunguliwa Kenya kuanzia mwaka 2016, punda wa wabeba maji wakawa wanaibwa usiku, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo barani kote. Punda aliyezoea mkokoteni na mustang aliyezoea tandiko wanakabiliwa na hatari moja, nayo ni kwamba ujuzi walio nao hauonekani kwenye mizani.

Katika mwaka wa kwanza, mlezi aliyeshindwa anayo njia. Anaweza kumrudisha farasi kwa Ofisi, au kuiomba Ofisi iuhamishe mkataba wa ulezi kwenda kwa mtu mwingine mwenye sifa, na mtu huyo huchunguzwa kama alivyochunguzwa wa kwanza. Baada ya hati njia hiyo inafungwa. Inashangaza kwamba inafungwa wakati ambao inahitajika zaidi, kwa maana farasi huishi miaka 25 hadi 30, na anayefunzwa akiwa na miaka minne anaweza kumtumikia mpandaji kwa miongo miwili, muda ambao maisha ya mwanadamu hubadilika mara kadhaa. Mlezi aliyeshindwa mwezi wa tatu mara nyingi ana farasi ambaye bado hajafunzwa. Aliyeshindwa mwaka wa tisa ana farasi aliyegharimu maelfu ya saa za kazi, na ndiye asiye na pa kupiga hodi.

Sehemu ya kazi hiyo hulipiwa na umma. Magereza ya Colorado yalianza kuwafunza mustang mwaka 1986, ya Wyoming mwaka 1988, na ya Nevada yalifuata, na baadhi ya farasi waliofunzwa na wafungwa wamekwenda kutumika katika doria za mpakani. Mustang Heritage Foundation, taasisi iliyoshirikiana na Ofisi, ilianza mwaka 2007 kuendesha mashindano ambayo mkufunzi alipewa farasi asiyewahi kushikwa na kutakiwa ampande mbele ya watazamaji baada ya siku zipatazo 100. Mashindano hayo yamewapatia farasi wengi makao, ingawa inafaa kusemwa wazi kwamba siku 100 humpa farasi msingi na hazimpi uzoefu, na shangwe za uwanjani zimewafanya wanunuzi wengi kudhani kuwa wanarudi nyumbani na mnyama aliyekamilika.

Kufunzwa kwenyewe kunahitaji maelezo, kwa sababu ndiko kunakoamua nani anafaa kuwa mmiliki wa pili. Farasi hujifunza kwa kubanwa na kuachiliwa: mpandaji hubana kidogo kwa mguu au huvuta hatamu kidogo, farasi hutafuta jibu, na anapolipata mbano huondolewa papo hapo, na kule kuondolewa ndiko kunakomwambia kwamba amejibu sawasawa. Mpandaji asiyejua kuachilia kwa wakati, akaendelea kuvuta hatamu hata baada ya farasi kusimama, anamfundisha bila kujua kwamba jibu sahihi halina faida. Baada ya miezi michache farasi aliyekuwa mwepesi kinywani anakuwa mgumu, huinua kichwa, hukimbia lijamu, na hatimaye huitwa mkorofi. Kwa mustang jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu yule aliyezaliwa porini na kukamatwa akiwa mkubwa alianza kwa kumwona mtu kama adui, na imani aliyoijenga baadaye mara nyingi aliijenga kwa mtu mmoja mwenye harufu, sauti na mwendo fulani. Kwa hiyo makabidhiano yanayofanyika mchana mmoja, fedha mkononi na farasi ndani ya tela, ni makabidhiano mabaya hata kama mnunuzi ni mtu mwema.

Makabidhiano yanayofaa huanza na farasi akiwa malishoni. Mnunuzi anapaswa kufika kabla farasi hajakamatwa, amwone akifuatwa na kuvishwa hatamu katika eneo la wazi, kwa kuwa farasi anayekutwa ametandikwa tayari huenda amezungushwa mpaka akachoka, au amepewa dawa ya kumtuliza. Kisha hutazamwa mambo madogo yanayosema mengi: kama anatoa miguu yote minne kwa fundi wa kwato bila kunyang'anya, kama anasimama wakati mtu anapanda upande wa kushoto na pia upande wa kulia, kama anaingia ndani ya tela bila kusukumwa. Muuzaji hupanda kwanza. Mustang ambaye mwenyewe hataki kumpanda mbele ya mgeni amekwisha kueleza habari zake. Baada ya hapo mnunuzi hupanda ndani ya uzio, akijaribu mwendo wa kawaida, wa telki na wa shoti, akiangalia hasa jinsi farasi anavyopunguza mwendo, kisha hutoka naye peke yake hadi mahali ambapo wenzake hawaonekani. Jaribio hilo la mwisho ndilo huachwa mara nyingi, na ndilo lenye maana kubwa zaidi kwa mnyama aliyekulia kundini, kwa sababu farasi mtulivu uani anaweza kugeuka mwingine kabisa anapojiona yuko peke yake barabarani na lori linapita. Daktari wa mifugo aliyelipwa na mnunuzi, si na muuzaji, humkagua mapafu, macho na viungo, na anaweza kuhifadhi sampuli ya damu ili ipimwe dawa ikiwa tabia itabadilika ghafla baada ya wiki mbili. Pia hudaiwa kipimo cha Coggins, yaani kipimo cha damu kinachotambua anemia ya kuambukiza ya farasi, ugonjwa usio na chanjo wala tiba, ambacho huhitajika farasi anapovuka mpaka wa jimbo. Na katika majimbo kadhaa ya magharibi, Nevada na Colorado yakiwemo, mkaguzi wa chapa lazima athibitishe kwamba anayeuza ndiye mwenye mali.

Chapa ya mustang, kwa bahati nzuri, haidanganyi kirahisi. Ofisi humwekea kila mnyama alama upande wa kushoto wa shingo, chini ya singa, kwa chuma kilichopozwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi hiyo huua chembe zinazotia rangi, na nywele zinazoota upya huwa nyeupe. Alama huanza na ishara ya usajili wa serikali, hufuatwa na tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa zilizopandana, kisha safu ya pembe ambazo kila moja inasimama badala ya tarakimu ya namba ya usajili. Anayejua kuzisoma humtambua farasi kwa uhakika hata akiwa mnadani bila karatasi yoyote, na hivyo Ofisi tayari inayo daftari ambalo wafugaji wa farasi wengine wangelitamani, isipokuwa kwamba daftari hilo hukoma kuandikwa siku ya hati.

Wamiliki nao wana sehemu yao, na barua hii isingekuwa ya haki kama ingeitupia Ofisi lawama zote. Tangazo linalomsifu mustang kwa uhuru wa nyika na macho yenye fahari halimsaidii mtu kuamua lolote. Linalosaidia ni kimo chake, ambacho kwa kawaida ni kati ya sentimita 132 na 152 hadi mabegani; uzito wake, kwa kuwa kwa kipimo kinachotumiwa sana cha asilimia 20, farasi wa kilo 400 hapaswi kubeba zaidi ya kilo 80 pamoja na tandiko, na tandiko la Kimarekani la ngozi peke yake laweza kufikia kilo 15; na habari za lini alipandwa mara ya mwisho, na nani, na kama aliwahi kumwangusha mtu. Kumtoa farasi bure kwa yeyote mwenye nafasi nzuri, jambo ambalo wenye huruma hulifanya kwa nia safi, ni kumweka chini ya bei ya nyama, na mnunuzi wa machinjio hujua kuzungumza kwa upole vilevile. Bei inayopita thamani ya uzito wake ni ulinzi. Mkataba unaompa mmiliki wa kwanza haki ya kuulizwa kabla farasi hajauzwa tena nao ni ulinzi, japo hafifu, kwa sababu humfunga aliyetia saini na si mtu wa tatu. Mahali penye majani mengi mabichi pia si lazima pawe pazuri: mnyama aliyeumbwa kuishi kwa nyasi chache za Nevada, akiachiwa malisho mazito ya Kentucky, hunenepa upesi na kuelekea kupata laminaitisi, yaani uvimbe wa tabaka linaloushika mfupa ndani ya ukwato, ambao ukizidi humfanya ashindwe kusimama. Mmiliki wa pili anayefaa ni yule aliye na uwanja mkavu, mizani ya nyasi na angalau farasi mwingine wa kumtuliza mgeni, hata kama banda lake halipendezi kwenye picha.

Kwa hayo, Ofisi inaombwa mambo machache ambayo yote yako ndani ya uwezo wake. La kwanza ni kuliacha daftari wazi kwa hiari: mlezi anapopewa hati aulizwe kama angependa kuarifiwa endapo farasi wake atapatikana mnadani au katika zizi la wanyama waliookotwa, na atakayeisoma alama na kuituma Ofisi ajibiwe siku hiyohiyo. Wako wamiliki wa zamani ambao wangeendesha gari usiku kucha kumfuata farasi kama wangejua alipo. La pili ni kumbukumbu ya mafunzo iambatane na hati, ikieleza nani alimfunza, kwa muda gani, kwa lijamu la aina gani, na ni mambo gani yanayomtisha. La tatu, lenye uzito kuliko mengine, ni orodha ya watu waliokwisha kuchunguzwa na Ofisi na wanaotafuta farasi aliyefunzwa ifunguliwe kwa wamiliki wenye hati wanaotaka kuachana na wanyama wao, kwa ridhaa ya pande zote, ili uhamisho wa mwaka wa tisa uweze kufanyika kama ule wa mwezi wa tatu.

Itasemwa kwamba sheria inaikomesha mamlaka ya Ofisi kwenye hati, na hilo ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mamlaka juu ya mali ya mtu, kwa kuwa yote ni ya hiari, na kutoa taarifa si kutawala. Itasemwa pia kwamba fedha hazipo. Serikali iliyokuwa tayari kulipa dola 1,000 ili farasi aondoke inaweza kutenga sehemu ndogo ya kiasi hicho ili asiangukie mahali pabaya, hasa ikikumbukwa kwamba mpandaji anayempata mustang aliyefunzwa vizuri, akaridhika naye na kuonekana naye njiani, huwavutia majirani kwenda kuchukua mwingine kutoka katika mazizi ya serikali, ambapo kila siku ya utunzaji inalipiwa na walipa kodi. Wako farasi ambao hata utaratibu huu hautawafaa, wazee au walemavu wasiopandika tena, na kwao daktari wa mifugo aliyeitwa nyumbani kuwalaza kwa sindano ni bora kuliko safari ya tela kwenda mpakani; Ofisi ingefanya vyema kulisema hilo waziwazi katika maelezo inayowapa walezi, badala ya kuwaacha waligundue wenyewe.

Mwaka wa fedha wa serikali ya shirikisho huanza tarehe 1 Oktoba. Daftari na kumbukumbu ya mafunzo vyaweza kuanza kabla ya hapo kwa maelekezo ya Mkurugenzi peke yake. Orodha ya wanaotafuta farasi inahitaji watumishi wachache, na inaombwa iingizwe katika makadirio ya mwaka unaofuata, pamoja na maelezo ya hadharani iwapo Ofisi itaamua kutoiingiza.